SAFARI YA KWANZA IWE FUPI
Maneno juu ya kurudi kazini na shuleni baada ya likizo

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu hulijua, lakini wachache hulifikiri, nalo ni namna ya kuirudia kazi baada ya kupumzika.

Likizo yenyewe haihitaji mwalimu. Mtoto hafundishwi kufurahi shule ifungwapo, wala karani hafundishwi kufunga mizigo yake siku ianzapo livu. Ugumu uko siku ya kurudi. Siku hiyo mtu huamka hana homa, hana msiba, wala hana ugomvi na mtu, na hata hivyo mwili wake ni mzito na moyo wake hautaki. Hujiuliza, "Je, nimekuwa mvivu?" Nasi twamjibu kwamba mara nyingi huo si uvivu. Ziko sababu, na sababu zikijulikana, dawa yake haiwi mbali.

Jambo hili latuhusu sote. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa wa Tanzania likizo ya siku zisizopungua 28 kila mwaka. Shule zetu hufunga kwa muda mrefu mara mbili, mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba. Mkulima na mvuvi hawakuandikiwa likizo katika kitabu cha sheria, lakini nao wana majira yao: mkulima hupumua baada ya mavuno, na mvuvi mwenye chombo kidogo hukaa pwani kusi ivumapo kwa nguvu. Basi hakuna asiyepumzika, na kila apumzikaye hana budi kurudi.

Sisi tukaao pwani hii, toka Kunduchi na Bunju hata Mapinga, Kerege, Kaole na Bagamoyo mjini, na kuvuka mto Ruvu mpaka Saadani, tuna walimu wa zamani katika jambo hili. Walimu hao ni wapagazi wa misafara. Katika karne ya kumi na tisa Bagamoyo ilikuwa mlango mkubwa wa safari za bara. Mpagazi aliyetoka Unyamwezi alichukua mzigo wa ratli 60 au 70, yaani kama kilo 30, mbali na mkeka wake na sufuria yake, akatembea miezi miwili au mitatu mpaka kufika baharini. Hapo alitua. Wako wasemao kwamba jina la mji huu limetokana na kutua huko, maana mpagazi alibwaga moyo wake pamoja na mzigo wake. Wako pia wasemao kwamba moyo uliobwagwa ulikuwa wa mtumwa, aliyekata tamaa alipoiona bahari. Maneno yote mawili yamesimuliwa, wala ya pili hayafai kusahauliwa kwa sababu ya utamu wa ya kwanza.

Mpagazi huyo alikaa mjini siku nyingi akingoja mzigo wa kurudia, yaani vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Alikula samaki, alicheza ngoma, alilala mchana. Miguu yake iliyokuwa migumu kama ngozi ikalainika. Ndipo ikaja siku ya kuondoka, na mbele yake iko njia ya kama kilomita 800 mpaka Tabora, na nyumbani shamba lamngoja, kwa kuwa Wanyamwezi wengi walitaka kuwa kwao mvua za kupandia zianzapo.

Sasa sikilizeni desturi yao. Mtu mwenye haraka angedhani kwamba siku ya kwanza msafara ulikwenda mbio ili kufidia siku zilizopotea. Sivyo. Siku ya kwanza msafara ulikwenda mwendo mfupi tu, kisha ukapiga kambi, na mji bado uko karibu. Stanley, Mzungu aliyetumwa na gazeti moja la Marekani kumtafuta Dk. Livingstone, aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871. Kambi yake ya kwanza ilikuwa Shamba Gonera, mahali palipokuwa karibu sana na mji, hata kabla ya kuvuka Ruvu, ambao siku zile waliuita Kingani. Hata hivyo msafara huo ulifika Tabora mwezi wa Juni, na mwezi wa Novemba Stanley akamwona Livingstone huko Ujiji.

Kwa nini walifanya hivyo? Kwa sababu siku ya kwanza ndiyo siku ya kuonekana makosa. Mzigo huu umefungwa vibaya, kamba yake yalegea. Mzigo ule ni mzito upande mmoja. Huyu amesahau kibuyu chake, yule ameacha deni, na wawili hawaonekani kabisa. Kambi ikiwa karibu, aliyesahau hurudi kuchukua, aliyechelewa hufuata, na mizigo hufungwa upya. Lakini msafara ukienda mwendo wa siku nzima, makosa yote hayo hugeuka hasara huko porini. Tena miguu iliyolainika hupata nafasi ya kukumbuka kazi yake. Wakubwa wa misafara hawakuona aibu kupiga kambi mapema. Walijua kwamba ufupi wa siku ya kwanza ndio uletao urefu wa safari.

Na tuitazame sasa hekima hiyo katika mambo yetu wenyewe, tukianza na mwili.

Ndani ya mwili wa kila mtu mna kitu kama saa. Hiyo ndiyo ituamrishayo kulala na kuamka, kuona njaa na kushiba. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa hiyo ifanyavyo kazi, nao waliichungua kwanza katika inzi wadogo wa matunda. Saa hiyo hurekebishwa zaidi na mwanga, hasa mwanga wa asubuhi. Mtoto ambaye mwezi mzima wa Desemba amekesha mpaka saa sita ya usiku na kuamka saa tatu ya asubuhi, saa yake imesogea. Siku ya kufungua shule mama humwamsha saa kumi na moja alfajiri. Kwa macho ya mama kumekucha. Kwa mwili wa mtoto bado ni usiku wa manane. Hukaa darasani akisinzia, mwalimu akamwita mzembe.

Saa hiyo haikubali kusukumwa kwa ghafula. Kwa kawaida husogea polepole, kama saa moja kwa siku, wakati mwingine hata pungufu. Kwa hiyo dawa yapaswa kuanza kabla ya siku yenyewe. Siku nne au tano kabla ya kurudi kazini au shuleni, amka mapema kidogo kila siku. Ukiisha kuamka, toka nje upate mwanga wa jua, wala usikae chumbani madirisha yamefungwa. Jioni punguza taa, na simu uiweke mbali na kitanda. Ukipata usingizi mchana, lala kidogo tu, usije ukauiba usingizi wa usiku.

Pili ni akili. Mwalimu huandika hesabu ya mwezi wa Novemba ubaoni mwezi wa Januari, na darasa zima hutazama kana kwamba ni maandishi ya nchi ngeni. Watoto huona haya, mwalimu huona hasira. Lakini kusahau kuna kanuni zake. Mjerumani mmoja jina lake Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe, akakariri silabi zisizo na maana, kisha akapima kiasi alichosahau. Mwaka 1885 alitangaza aliyoyaona. Aliona kwamba mtu husahau sana mwanzoni, kisha kusahau huenda polepole. Aliona na jambo la pili, ambalo ndilo la faraja: yale yaliyodhaniwa kuwa yamepotea, akijifunza tena, huchukua muda mchache kuliko mara ya kwanza. Basi somo lililosahauliwa si kama maji yaliyomwagika mchangani. Ni kama njia ya shambani iliyoota majani. Ukiipita mara mbili tatu, huonekana tena.

Wavuvi wetu wanajua mfano mwingine. Mashua ya mbao ikikaa muda mrefu juu ya mchanga, jua hukausha mbao zake, na nafasi baina ya ubao na ubao hufunguka. Mwenye mashua hakasiriki, wala hasemi kwamba mashua imekuwa mbaya. Huikalafati kwa pamba na mafuta, kisha huiweka katika maji machache karibu na ufuko. Maji huingia kidogo, naye huyakumba. Mbao hunywa maji, huvimba, hubana tena. Ndipo husafiri. Anayeisukuma mashua iliyokauka moja kwa moja mpaka mkondo mkuu hujitafutia kuzama, na kosa si la mashua.

Tatu ni moyo. Wako watu wadhanio kwamba furaha ya likizo ni akiba, kwamba ukipumzika sana utakuwa nayo ya kutosha miezi mingi. Mwaka 2010 wataalamu wa Uholanzi walitangaza uchunguzi wao juu ya watu zaidi ya 1,500, wengine waliosafiri likizoni na wengine waliobaki. Waliona kwamba wasafiri waliporudi, kwa jumla hawakuwa na furaha kuliko waliobaki, isipokuwa wale ambao likizo yao ilikuwa ya utulivu sana. Basi mtu akirudi toka kwao Moshi au Lushoto, na baada ya siku tatu akajiona kama hakupata kupumzika, asidhani kwamba ana ugonjwa wa pekee. Furaha ya likizo ni kama harufu ya asmini: hunukia, kisha hufifia. Kwa hiyo si akili kuitumia likizo yote mpaka saa ya mwisho, ukashuka katika basi usiku na kuingia kazini alfajiri. Afadhali kukata siku mbili za mwisho uzitumie nyumbani, kufua, kupanga vitu, na kuwasalimu majirani.

Nne ni nyumba na mfuko. Hapa hatutasema mengi, lakini machache tutakayosema yana hatari ndani yake. Nyumba iliyofungwa wiki tatu si nyumba ile uliyoiacha. Kabla ya kuondoka wengi wetu huacha maji katika mapipa na madumu, na uani huacha vifuu vya nazi na matairi makuukuu. Mvua hunyesha, maji hukaa. Mbu yule mweusi mwenye madoa meupe, aumaye mchana na kuleta homa ya dengi, hutaga mayai pembeni mwa maji hayo, na kwa kama siku saba hadi kumi yai huwa mbu kamili. Dar es Salaam ilipatwa na mlipuko wa homa hiyo mwaka 2010, tena mwaka 2014, tena mwaka 2019, na Bagamoyo si mbali na Dar es Salaam, ni kama kilomita 70 tu kwa njia ya lami. Mayai yake hushikamana na kuta za chombo, nayo huweza kukaa makavu kwa miezi bila kufa. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Yapasa kusugua chombo ndani, kisha kukifunika. Kazi hiyo na iwe ya kwanza, kabla ya kufungua mizigo.

Tena, ukipata homa katika majuma ya kwanza baada ya kurudi, usiseme, "Ni uchovu wa safari." Vimelea vya malaria hukaa mwilini siku saba na zaidi, mara nyingi kama majuma mawili, kabla ya homa kuonekana. Nenda kituo cha afya upimwe, na umwambie mganga ulikokuwa.

Juu ya mfuko twasema neno moja: pesa ya kurudia itengwe kabla ya kwenda. Mwezi wa Januari huja na madaftari, sare na nauli, na mshahara wa Desemba umekwisha liwa. Ada ya shule za Serikali iliondolewa mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, lakini kiatu cha mtoto hakikuondolewa. Ukiweka kando pesa ya unga, ya kiatu na ya nauli kabla ya kupanda basi la kwenda, utarudi huna mawazo.

Sasa tumefika mahali ambapo twapenda kusema nanyi kwa moyo wote, kwa sababu hapa tulipata hasara sisi wenyewe.

Miaka mingi iliyopita tulikuwa tukifundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja cha pwani hii, kabla ya kuitwa kufundisha walimu. Darasani mwetu alikuwamo kijana mmoja hodari wa hesabu. Likizo ya Desemba aliikaa kwa mjomba wake, mvuvi wa dagaa, nao walikwenda baharini usiku na taa za karabai. Kijana alipata pesa yake ya kwanza. Akamnunulia mama yake kanga. Shule ilipofunguliwa alichelewa siku tatu, na siku ile aliyofika ndiyo siku tuliyotoa mtihani wa yale ya mwaka uliopita, tukidhani kwamba twawaamsha watoto usingizini. Alipata 4 katika 20. Nasi tukawasimamisha mbele ya wenzao wote waliopata chini ya nusu, wajione. Naye alisimama, mikono yake imechanika kwa kamba za nyavu.

Kesho yake hakuja. Tulimtuma mwenzake kumwita, akarudi na jibu: "Amesema, mwambieni mwalimu, baharini sikusahau kitu." Tulikasirika. Tulikaa juma zima na hasira zetu, kisha tukaenda wenyewe. Mjomba wake alitupokea kwa heshima, akatutandikia mkeka, akatuambia, "Mwalimu, mimi sikumzuia. Lakini mtoto huyu kwangu hajapata kuaibishwa." Tulipouliza kijana yuko wapi, tukaambiwa wamekwisha ondoka kwenda dago, kambi ya wavuvi mbali na kwao. Hatukumwona tena darasani.

Tumelifikiri jambo hilo mara nyingi. Hatukumfukuza kijana yule. Kuvua dagaa si kazi ya aibu, ni riziki ya halali, na huenda amekuwa nahodha mwema. Lakini alikuwa na haki ya kuchagua akiwa amekwisha soma, nasi tuliifupisha haki hiyo. Tulimpakia mzigo wa miezi mitatu siku ya kwanza, na kamba haijakazwa. Wapagazi wasiojua kusoma walikuwa na akili kuliko sisi tuliokuwa na cheti.

Mwaka uliofuata tulibadili desturi. Siku ya kwanza watoto walifagia darasa, wakapanga madawati, kisha kila mmoja akasimulia jambo moja alilolifanya likizoni, na wote wakaliandika. Siku ya pili hesabu zilitoka katika masimulizi hayo: ndoo ngapi za dagaa, nauli ya kwenda Msata, nazi mia kwa bei gani. Siku ya tatu na ya nne tulipitia ya zamani bila alama yoyote. Mtihani ulikuja juma la pili. Aliyechelewa hakukemewa mbele ya watu. Tulimwambia, "Karibu, tulikuwa tukikungoja," kisha baadaye, faraghani, tulimwuliza sababu. Hatusemi kwamba tangu hapo hatukupoteza mtoto. Lakini walio wengi walirudi, na hesabu za Novemba zilirudi nao.

Ninyi wazazi mnayo sehemu yenu. Mtoto arudipo kwa shangazi au kwa babu, msimpe jembe, ndoo na kitabu vyote siku moja. Nanyi wanafunzi, mkichelewa, njoni hivyo hivyo. Siku moja ya haya ni nyepesi kuliko miaka ya majuto. Hata aliyeacha shule kabisa asidhani kwamba mlango umekomewa. Uko mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, uitwao MEMKWA, na mwezi wa Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba waliokatisha masomo, pamoja na wasichana waliojifungua, waweza kurudi katika shule za kawaida.

Lakini mtu asiyageuze maneno yetu kuwa mto wa kulalia. Tulisema safari ya kwanza iwe fupi, hatukusema isiwepo. Msafara haukukaa Shamba Gonera mpaka masika. Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye arudiye toka likizoni ni mgeni katika kazi yake mwenyewe, basi naye apewe siku zake mbili. Siku ya kwanza atazame yaliyomngoja, ayaandike, amalize moja dogo. Siku ya pili amalize mawili. Siku ya tatu ashike jembe lake kama wengine.

Kwa hiyo, wasikilizaji wetu, mtakaporudi mara nyingine toka kwenu, au watoto watakaporudi kwenu, kumbukeni kambi ile ya karibu na mji. Tueni mapema, kazeni kamba, hesabuni watu wenu. Mkimkosa mmoja, mrudieni kumtafuta siku ile ile, wakati bado yu karibu.